Charles Malik: Aliyeitetea imani na familia mbele ya mataifa

Wanafunzi wa shule za upili wanaosoma Historia na Serikali hawana budi kulifahamu Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jijini Paris usiku wa tarehe 10 Desemba, 1948. Wengi wao wataweza kulitaja jina la Bi Eleanor Roosevelt, mjane wa rais wa Marekani, aliyeiongoza tume iliyoliandika. Jina la Charles Habib Malik, mwanafalsafa wa Lebanoni aliyekuwa mwandishi wa tume hiyo, halijulikani sana. Ilhali vifungu viwili ambavyo maaskofu, masheikh na mabalozi huvitaja kila uchao, yaani kifungu cha 18 kuhusu uhuru wa dini na kifungu cha 16 kuhusu familia, vimebeba maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Nimeamua kuyasimulia maisha ya mtu huyu kwa sababu mbili. Kwanza, mabishano kuhusu dini na familia katika mikutano ya kimataifa hayajapoa tangu kongamano la Kairo la 1994 kuhusu idadi ya watu. Sisi wenyewe tuliyashuhudia hapa Nairobi mwezi wa Novemba 2019, wakati mkutano wa kuadhimisha miaka 25 ya kongamano hilo ulipozua mvutano mkali kati ya waandalizi na viongozi wa makanisa. Pili, mimi ni mwanaisimu, na maneno ndiyo riziki yangu. Sijui mfano bora kuliko huu wa jinsi neno moja linavyoweza kupiganiwa, likapunguzwa, na bado likadumu kuliko waliolipigania.

Malik alizaliwa tarehe 11 Februari, 1906, katika kijiji cha Btourram, wilaya ya Koura, kaskazini mwa Lebanoni. Nchi hiyo, ambayo wasomaji wa Biblia huikumbuka kwa mierezi yake, ilikuwa wakati huo chini ya dola la Waturuki wa Uthmaniya. Baba yake alikuwa daktari, na jamaa yao walikuwa waumini wa Kanisa la Othodoksi la Kigiriki. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa na umri wa miaka minane. Njaa kuu iliyouangamiza umma wa milima ya Lebanoni kati ya 1915 na 1918 ilipita akiwa bado mtoto. Baada ya vita Waturuki waliondoka, wakaja Wafaransa. Alisomea shule ya wamishenari wa Kimarekani mjini Tripoli ya Lebanoni, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, ambako alihitimu mwaka wa 1927 katika hisabati na fizikia.

Hesabu hazikumtosheleza. Alivutwa na falsafa, akaenda Harvard kusoma chini ya Alfred North Whitehead, naye pia aliyekuwa mwanahisabati aliyegeukia falsafa. Katikati ya miaka ya 1930 alikaa kwa muda Freiburg, Ujerumani, ili amsikilize Martin Heidegger. Huko aliyaona kwa macho yake mambo ambayo wajumbe wengine wa Umoja wa Mataifa waliyasoma magazetini. Utawala wa Hitler ulikuwa ukiwakusanya watoto katika jumuiya ya vijana wa chama ili wafundishwe kuipenda dola kuliko wazazi wao. Sheria za Nuremberg za 1935 zilipiga marufuku ndoa kati ya Wayahudi na Wajerumani. Malik hakukawia huko. Alirudi Harvard, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka wa 1937, kisha akarejea Beirut kufundisha, na ndiye aliyeiasisi idara ya falsafa katika chuo alichosomea.

Yamkini angezeekea darasani lau Lebanoni isingepata uhuru wake mwaka wa 1943. Taifa hilo changa lilikuwa na Wamaroni, Wasunni, Washia, Wadruzi, Waothodoksi na madhehebu mengine mengi katika eneo dogo mno. Viongozi walipatana kwamba rais awe Mmaroni, waziri mkuu awe Msunni na spika wa bunge awe Mshia. Nchi ya namna hiyo haina jeshi la kuutisha ulimwengu. Silaha yake ni hoja. Mwaka wa 1945 mwalimu huyu wa falsafa aliteuliwa kuiwakilisha nchi yake jijini Washington, akahudhuria mkutano wa San Francisco ulioasisi Umoja wa Mataifa. Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, lakini dau hili lilikwenda, kwa kuwa nahodha wake alijua kusema.

Tume ya Haki za Binadamu ilianza kazi Lake Success, karibu na New York, mwezi wa Januari 1947. Bi Roosevelt alikuwa mwenyekiti, Peng Chun Chang wa Uchina makamu wake, na Malik mwandishi. Chang na Malik walikuwa wanafalsafa wote wawili, wote wawili wenye shahada za udaktari kutoka Marekani, na aghalabu hawakupatana. Malik aliegemea mapokeo ya Kikristo na mafundisho ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Chang aliona kwamba hati ya walimwengu wote haiwezi kujengwa juu ya theolojia ya upande mmoja, akamshauri mkuu wa sekretarieti, John Humphrey wa Kanada, atenge miezi kadhaa ya kuyasoma mafundisho ya Confucius.

Katika kikao hicho cha kwanza Malik aliweka bayana msimamo wake. Alidai kwamba mtu ni mtangulizi wa kundi lolote alimo, liwe taifa, tabaka au kabila. Kwamba akili na dhamiri ndivyo vitu vitukufu zaidi alivyo navyo. Na kwamba shinikizo lolote la kumlazimisha akubali asichokiamini halifai, litoke kwa dola, kwa chama au hata kwa dini. Wajumbe wa nchi za Kikomunisti walimpinga, wakishikilia kwamba hapana mtu nje ya jamii yake. Ninamwomba msomaji aliweke moyoni jambo hili la dhamiri, kwa sababu ndilo tutakalompimia Malik mwenyewe baadaye.

Kuhusu familia, pambano lilitokea Geneva mwezi wa Desemba 1947. Rasimu ilikuwa imezungumzia haki ya mtu kuoa au kuolewa, bila kusema lolote juu ya familia yenyewe. Malik alipendekeza itamkwe kwamba familia inayotokana na ndoa ndiyo kitengo cha asili na cha msingi cha jamii, kwamba imejaliwa na Muumba haki zisizoondoleka, na kwamba haki hizo zilikuwapo kabla ya sheria yoyote ya kutungwa na binadamu. Hoja yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeyaona ya Ujerumani. Baina ya mtu mmoja na dola kubwa lazima pawe na ngao, na ngao ya kwanza ni nyumba aliyozaliwa. Dola haikuiumba familia, basi haina idhini ya kuivunja.

Mjumbe wa Muungano wa Kisovieti alisimama kumjibu. Alisema kwamba ndoa na familia zina sura nyingi duniani, na kwamba watu wengi hawaamini kuwapo kwa Mungu, ilhali hati ile ilikusudiwa kuwafaa wote, waumini na wasioamini. Kura zilipopigwa, Muumba alitoka katika sentensi ile. Baadaye yalitoka pia maneno yaliyoifunga familia kwenye ndoa. Kilichobaki ndicho tukisomacho leo katika aya ya tatu ya kifungu cha 16: kwamba familia ni kitengo cha asili na cha msingi cha jamii, na inastahili kulindwa na jamii na dola.

Je, Malik alishinda au alishindwa? Aliondoka Geneva na nusu ya alichokitaka, tena ile nusu ambayo kwake yeye, Mkristo wa dhati, haikuwa ndiyo kubwa. Angeweza kususia. Angeweza kurudi Beirut na kuwaambia waumini wenzake kwamba Umoja wa Mataifa umemkana Mungu. Hakufanya hivyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliichukua sentensi iliyosalia na kuilinda kwa mwaka mzima uliofuata. Alijua kwamba Mwislamu wa Pakistan, Mbudha wa Burma na Mkomunisti wa Prague wanaweza kuikubali kila mmoja kwa sababu zake. Imani yake ilimpa sababu ya kusema, lakini hakudai kwamba wasikilizaji waikubali imani hiyo ndipo waikubali hoja.

Hapa nitatua kidogo kama mwalimu wa lugha. Niwapapo wanafunzi wangu sentensi hiyo waitafsiri, huligawa darasa papo hapo. Baadhi huandika familia, wengine jamaa, wengine aila, na wachache ukoo. Familia ya mwanafunzi wa mjini ni baba, mama na watoto. Jamaa ya mwenzake aliyelelewa na nyanya ni umati. Matini ya Kiarabu ya Azimio hutumia neno usra, ambalo mzizi wake hubeba maana ya kufunga pamoja. Kutosema kwa sentensi ile ni sura gani hasa ya familia inayokusudiwa hakukuwa uzembe wa waandishi. Ndiko kulikoiwezesha kuingia katika lugha mia kadhaa na kila umma ukajiona humo. Wale wanaotaka kuipachika sura moja tu, na wale wanaotaka kuifuta kwa kuwa ina harufu ya mapokeo, wote wawili hawajaisoma vyema.

Aidha, aya hiyo haikuja peke yake. Aya ya kwanza ya kifungu cha 16 humpa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Aya ya pili hudai ridhaa kamili na huru ya wote wawili. Hizo zilipiganiwa na wanawake kama Bodil Begtrup wa Denmark, na Bi Shaista Ikramullah wa Pakistan akaziunga mkono kwa kuwa aliziona kama kinga dhidi ya ndoa za watoto na za kulazimishwa. Familia iliyokingwa na Azimio ni ile ambayo binti hakuburutwa kuingia. Anayeisoma aya ya tatu kwa sauti na kuzimung'unya mbili za kwanza ameinukuu hati nusu.

Turudi sasa kwenye kifungu cha 18. Malik ndiye aliyesisitiza kwamba haitoshi kutaja uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Ni lazima itajwe pia haki ya mtu kuibadili dini yake. Sababu aliyoitoa ilitoka nyumbani: Lebanoni ilikuwa kimbilio la watu waliofukuzwa kwao kwa ajili ya imani, wakiwemo waliobadili dini. Katika msimu wa vuli wa 1948, jijini Paris, rasimu ilipofikishwa mbele ya Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu, Malik mwenyewe akiwa mwenyekiti, kifungu hicho kilizua moto. Jamil Baroody, mjumbe wa Saudi Arabia, alikipinga vikali. Alikumbusha kwamba wamishenari walikuwa mara nyingi watangulizi wa wakoloni. La ajabu ni kwamba Baroody alikuwa Mkristo mwenye asili ya Lebanoni, naye akatetea msimamo wa serikali iliyomtuma.

Hoja ya Baroody si ya kupuuzwa na Mwafrika. Mwaka huo wa 1948 wanachama wa Umoja wa Mataifa kutoka bara letu walikuwa wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Kenya ilikuwa koloni. Sisi hatukuulizwa, na kumbukumbu za msalaba kufuatana na bendera tunazo. Lakini jibu lilitoka mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Muhammad Zafrullah Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, aliliambia Baraza Kuu kwamba Uislamu nao ni dini ya kulingania, na mwenye kudai haki ya kumwita jirani aingie hawezi kumnyima jirani haki ya kutoka. Aliona kwamba Kurani yenyewe hailazimishi imani. Bwana huyo alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka wa 1974 bunge la nchi yake lilibadilisha katiba na kutamka kwamba watu wa jumuiya hiyo si Waislamu. Aliyetetea uhuru wa dhamiri wa wengine alikuja kuuhitaji yeye.

Malik aliiongoza Kamati ya Tatu kwa mkono thabiti, akiwapimia wasemaji dakika kwa saa. Vikao vilizidi themanini. Mnamo tarehe 9 Desemba aliiwasilisha hati mbele ya Baraza Kuu, akiwaonyesha wajumbe wa kila upande wa dunia ni wapi ndani yake wangeiona michango yao. Kesho yake mataifa 48 yaliikubali, hakuna lililoipinga, na manane yakajizuia kupiga kura: Saudi Arabia, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na sita ya kambi ya Kikomunisti.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Alimrithi Bi Roosevelt katika uenyekiti wa Tume mwaka wa 1951. Alihudhuria mkutano wa Bandung mwaka wa 1955, akawa waziri wa mambo ya nje wa Lebanoni mwaka wa 1956, na mwaka wa 1958 akachaguliwa kuwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Kisha alirejea kufundisha. Wakati huohuo maneno aliyoyapigania yalikuwa yakisafiri. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966 uliibakiza familia karibu neno kwa neno. Kuhusu dini, kitenzi kilibadilishwa: badala ya haki ya kubadili, ikaandikwa haki ya kuwa na dini au kuichukua. Katika tamko la 1981 hata hilo la kuichukua liliachwa. Wanafunzi wa isimu wanaodhani kwamba uteuzi wa kitenzi ni jambo la mitihani tu na walitafakari hilo.

Sasa niseme lile ambalo wanaomsifu Malik hupenda kuliruka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Lebanoni mwaka wa 1975, mtu aliyewaambia walimwengu kwamba mtu ni mtangulizi wa kundi lake alijiunga na kundi. Mwaka wa 1976 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Muungano wa Lebanoni, uliowakusanya viongozi wa Kikristo ambao wengi wao walikuwa Wamaroni wenye majeshi yao ya mgambo. Mwezi wa Januari mwaka huo wapiganaji wa Kikristo waliwachinja wakazi wa Karantina jijini Beirut. Wapinzani wao nao wakawachinja Wakristo wa Damour. Mwezi wa Agosti kambi ya Wapalestina ya Tel al-Zaatar iliangushwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Malik hakushika bunduki, lakini aliipa kambi yake jina lake na elimu yake. Msomi wa Kipalestina Edward Said, aliyekuwa na ujamaa na mkewe Malik na aliyemjua tangu ujana, aliandika katika kumbukumbu zake za 1999 kwamba mzee huyo alimfundisha mengi, na mwishowe akawa kwake funzo la njia ambayo msomi hapaswi kuifuata. Malik alifariki Beirut tarehe 28 Desemba, 1987, vita vikiwa bado havijaisha.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sidhani kwamba Malik wa 1976 anamfuta Malik wa 1948. Nadhani anamfafanua. Mwaka wa 1948 aliitetea imani kama haki ya kila mtu, hata ya yule anayeiacha imani ya Malik. Naye aliitetea familia kama ngao ya mnyonge mbele ya dola. Mwaka wa 1976 imani ikawa bendera ya upande mmoja. Maneno yake ya kwanza yanasomwa hadi leo katika mahakama na mabunge ya nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Ya pili yalizikwa pamoja na waliokufa.

Hata sisi tumeyarithi hayo ya kwanza. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya 2010 huitambua familia kuwa kitengo cha asili na cha msingi cha jamii na nguzo ya lazima ya utangamano wake, na huitaka dola iilinde. Kifungu cha 32 hulinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Mwalimu anayevifundisha vifungu hivi afundishe pia vilikotoka: havikuletwa na wamishenari, wala havikuzuka Nairobi, bali vilitokana na mabishano ya Mwothodoksi wa Koura, mfuasi wa hekima za Confucius, mwanamke wa Karachi na Mkomunisti asiyeamini Mungu, waliokaa katika chumba kimoja hadi wakapata sentensi ambayo kila mmoja angeweza kuishi nayo.

Nanyi wanafunzi ambao kesho mtakuwa mabalozi wetu Geneva na New York, mtaitwa kuitetea dini na familia, na ni vyema mtetee. Kabla ya kusimama, jiulizeni maswali mawili. Je, haki ninayoidai kwa ajili ya waumini wangu, nimemwachia pia jirani yangu, na mwanangu atakayeamua kuifuata dini nyingine? Je, familia ninayoitetea ina nafasi ya ridhaa ya binti na heshima ya mke? Mkiweza kujibu ndiyo kwa yote mawili, semeni bila woga, na mkipata nusu tu ya mlichokitaka, ichukueni mkailinde.